Mwalimu wa Madungu na Filamu Aliyoiona Midomo Tu

Nilikuwa kwa kinyozi mjini Wete, Pemba, nusu ya kidevu imeshanyolewa na nusu ingali na povu, ujumbe ulipoingia katika kundi la simu la walimu wa zamani. Mwalimu wetu wa Madungu amefariki alfajiri hospitalini Chake Chake, atazikwa Vitongoji baada ya sala ya adhuhuri. Nilimwambia kinyozi amalize vyovyote atakavyoweza, nikapanda gari na kidevu kinachowasha, na njia nzima nilikuwa najaribu kukumbuka mara ya mwisho alinikosoa neno gani. Nilifika watu wakiwa wanatawadha. Makaburini kila aliyezungumza alimtaja kama mwalimu wa Kiswahili, aliyesomesha zaidi ya miaka thelathini, aliyewasomesha wazazi kisha watoto wao. Yote hayo ni kweli. Lakini iko kazi nyingine aliyoifanya miaka yake ya mwisho, kazi ambayo watoto wengi wa Afrika Mashariki wameisikia bila kujua imetoka katika chumba cha nyuma cha nyumba moja ya Madungu. Hakuna aliyeitaja siku ile, kwa sababu nje ya mtaa wake wanaoijua hawafiki kumi. Binti yake ameniruhusu niieleze, na siri aliyokuwa amefungwa nayo mwalimu kuhusu filamu ya kwanza imeshakwisha muda wake.

Nilimjua nilipopelekwa skuli yake nikiwa mwalimu mpya, kabla sijaacha chaki na kushika kalamu ya gazeti. Alinipa jina la Mwalimu Mdogo, na hakulibadilisha hata ndevu zangu zilipoota mvi. Kulikuwa na duka karibu na skuli lenye kibao kilichoandikwa kwa rangi nyekundu, "Hapa kuna uza maji ya baridi." Walimu sote tulipita tukacheka. Yeye siku moja alisimama, akamsalimia mwenye duka, akamuuliza hali ya watoto, hali ya mkewe, hali ya mguu wake uliokuwa unamsumbua, kisha akamwambia kwa upole kwamba kibao chake kina kosa dogo. Mwenye duka akasema maji yanauzika hivyo hivyo. Kesho yake mwalimu akaja na brashi na kopo la rangi kutoka kwake, akavua buibui akamkabidhi mwanafunzi, akapanda juu ya kreti la soda na kuandika upya, "Hapa panauzwa maji baridi." Alipomaliza alinunua chupa moja. Nilimuuliza kwa nini kujisumbua hivyo kwa kibao. Akanijibu kwamba watoto mia tatu wanakisoma kile kibao kila asubuhi kabla ya kufika darasani kwake, kwa hiyo kibao kinawasomesha kabla yake.

Alipostaafu, mmoja wa wanafunzi wake wa zamani alikuwa Dar es Salaam, akifanya kazi katika nyumba inayotia sauti za Kiswahili kwenye filamu za nje. Siku moja akampigia. Studio moja kubwa ya ng'ambo, katika zile chache ambazo filamu zao hufika kila pembe ya dunia, ilikuwa imeamua filamu yake mpya ya katuni isemwe kwa Kiswahili. Wachezaji wa sauti walikuwepo. Alihitajika mtu wa kuyapanga maneno yaingie midomoni mwa wale wanaoonekana kwenye kioo, yawe sahihi, yawe mafupi, na yaaminike. Mwanafunzi alisema hakumfikiria mwingine. Mwalimu, ambaye maishani mwake alikuwa ameingia jumba la sinema labda mara tatu, zamani, Chake Chake ilipokuwa bado na sinema, aliomba siku mbili za kufikiri. Siku ya tatu alitia saini mkataba. Kompyuta ikaja kwa meli, akaja fundi akaifunga katika chumba cha nyuma, akaacha na masharti. Mlango ufungwe kwa ufunguo wakati wa kazi. Simu isiingie chumbani. Asionyeshwe mtu, asisikilizishwe mtu, asiambiwe mtu, si mume wala mtoto, mpaka siku filamu itakapotoka. Mume alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Binti yake, aliyekuwa akiishi naye, alikubali kuambiwa kwamba mama ana kazi na asiulize kazi gani.

Alichokikuta kwenye kioo alikuja kunisimulia baadaye, na kila alipofika hapo sauti yake ilishuka kama mtu anayeeleza jambo aliloliona Makka. Kioo chote kilikuwa cheusi. Katikati ya weusi ule kulikuwa na tundu moja la duara, na ndani ya tundu, mdomo. Mdomo ukasema, ukafumba, tundu likahama upande wa pili, ukaja mdomo mwingine. Studio ilikuwa imeifunika filamu yake yenyewe isionekane hata na wanaoifanyia kazi, ikaacha wazi kile tu ambacho mfanyakazi anakihitaji. Yeye alihitaji midomo, akapewa midomo. Na juu ya kila mdomo lilikuwa likielea jina la mwalimu mwenyewe, hafifu kama maandishi ya penseli yaliyofutwa vibaya, ili kipande hata kimoja kikivuja, duniani kote ijulikane kimevuja kutoka wapi. "Fikiri, Mwalimu Mdogo," aliniambia, "mtu yuko nyuma ya bahari mbili, hajapata kuniona, na anajua niko Madungu nimekaa kwenye kiti gani." Hakulisema kwa kulalamika. Alikuwa anastaajabu, na mimi nilipomsikiliza nilistaajabu pia.

Miezi sita alikaa na midomo ile. Alijua ni hadithi ya msichana mchunga mbuzi wa nchi ya theluji, anayeondoka kwao kumfuata mwanambuzi mmoja aliyepotea, na bibi yake anabaki nyuma. Hayo aliyapata katika maandishi. Msichana ana sura gani, mlima uko wapi, bibi amevaa nini, hakujua. Theluji ilimtesa. Katika maandishi ya studio kulikuwa na theluji inayoanguka, theluji ya kuganda, theluji ya unga, theluji inayovunjika chini ya mguu, kila moja na jina lake, na yeye mtoto wa Vitongoji alikuwa na neno moja tu na friji ya jirani. Alikuwa akinipigia simu na kuniuliza mambo yasiyo na kichwa wala miguu: unga wa muhogo ukishikana kwa unyevu tunauitaje, chumvi ikivunjika chini ya kiatu inaliaje. Nilimjibu nikidhani uzee umeanza kumchezea.

Simu iliyonishangaza zaidi ilikuja siku moja asubuhi. Aliniuliza neno gani la Kiswahili la kumwitia mtu linaishia mdomo ukiwa umefumba. Nilifikiri, nikasema hakuna. Akasema, "Ndiyo, hakuna," akakata. Kumbe kulikuwa na mahali katika filamu ambapo bibi anasimama na kumwita mjukuu wake arudi. Kwa lugha ya asili ni maneno mawili mafupi, na mwisho wake mdomo unafumba kabisa, na unabaki umefumba, karibu kabisa na kioo. Maneno yetu karibu yote yanamaliza mdomo ukiwa wazi. Mtazamaji, hata mtoto, angeona mdomo umefumba na sauti ingali inatoka, na pale pale angejua anadanganywa. Siku tisa alikaa na mdomo ule mmoja. Alijaribu kila neno. Siku ya tisa aliondoka kwenye kompyuta akaenda jikoni kumwangalia binti yake, na akasikia mlangoni kwa jirani mama anamwita mtoto aje kula: njoo ule, mm? Ile "mm" ya kubembeleza, yenye kupanda kidogo mwishoni, ambayo hakuna kamusi iliyoiandika na hakuna mtoto wa Pemba asiyeijua. Akarudi chumbani, akaandika: "Njoo kwetu, mm?" Akairudia huku akiangalia ule mdomo. Ulifumba pale pale.

Haikuishia hapo, maana katika kazi zile hakuna kinachopita kimya kimya. Baada ya siku chache likarudi swali kutoka studio: hii "mm" ni nini, haimo katika maandishi, nani ameruhusu kuongeza? Mwalimu akaandika ukurasa mzima kueleza. Akaeleza mama wa Kiswahili anapomwita mtoto hamwamrishi wala hamwombi, na kwamba ile sauti ndogo ndiyo inayobeba maana ya kwamba chakula kimeshapakuliwa, hasira zimekwisha, na mlango uko wazi. Alingoja wiki mbili. Jibu lilipokuja lilikuwa sentensi moja: ibaki. Kisha wakamwomba amfundishe mchezaji wa sauti kule Dar es Salaam, kwa sababu kila alipoitamka ilitoka kama mtu anayeonja mchuzi. Akamfundisha kwa simu, nje ya kile chumba, akimwambia, "Usimwite, mwanangu. Ameshakusikia. Wewe mngoje tu." Siku mchezaji alipongoja badala ya kuita ndipo ilipopatikana. Sauti zilizorekodiwa zikaanza kurudi Madungu azipime juu ya midomo.

Lakini kisiwa chetu mnakijua. Nyumba ya mwanamke mjane, mlango wa nyuma umefungwa mchana kutwa, na ndani inasikika sauti ya mtoto anayelia akiita "bibi, bibi," kisha kimya, kisha sauti ile ile tena, kilio kile kile, mara ishirini, mara thelathini. Majirani wakaanza kunong'ona. Wengine walisema ni sinema za ajabu ajabu, mwalimu wa watu amepotea uzeeni. Wengine wakasema maneno mabaya zaidi, ya mambo ambayo watu wa nje hupenda kutusingizia sisi Wapemba na ambayo wenyewe pia, tukiwa peke yetu, hatukosi kuyasingiziana. Maneno yakasafiri mpaka Vitongoji, yakamfikia kaka yake.

Kaka huyu alikuwa mkubwa wake kwa miaka saba, karani wa zamani wa vituo vya kununulia karafuu, mtu aliyenyooka kama rula. Wazazi wao walikufa mapema na wote wawili walilelewa na bibi yao, kwa hiyo hakuwa kaka tu. Kila Ijumaa alikuja Madungu kula chakula cha mchana kwa dada yake. Ijumaa hiyo alikuja mapema, akakuta mlango wa nyuma umefungwa, akasimama pale akasikia mwenyewe kile kilio. Dada yake alipofungua alimuuliza kuna nini ndani. Akamwambia ni kazi. Kazi gani? Akasema hawezi kusema, ameahidi. Kaka akauliza amemwahidi nani, mpaka ndugu yake wa damu asijue. Akasema, "Kaka, ni kazi ya halali. Ni siri ya watu." Kaka akamwambia kwamba mwenye kazi ya halali hajifungii. Hakula chakula kile. Alivaa viatu akarudi Vitongoji, na Ijumaa iliyofuata hakuja, wala iliyofuata.

Hapo ndipo mwalimu aliponiita. Hakunieleza chochote. Aliniomba tu niende kwa kaka yake nimfikishie maneno haya: hafanyi jambo la kumwaibisha, na kabla ya Ramadhani atamweleza kila kitu. Nilikwenda. Mzee alinikaribisha vizuri, akanipa kahawa, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Kama si aibu, kwa nini halisemeki?" Kusema kweli, na mimi nilikuwa najiuliza vivyo hivyo njia nzima. Nilimwambia tungoje mpaka mwisho wa Shaabani, kwa sababu dada yake alisema kabla ya Ramadhani, na mzee akakubali kwa kuinamisha kichwa.

Shaabani ikaja ikapita, mwalimu hakusema. Nilimpigia, akanijibu kwa sauti ya mtu mgonjwa kwamba safari imeahirishwa. Sikuelewa safari ipi. Kumbe studio ilikuwa imesogeza mbele tarehe ya filamu, tena kwa miezi minane. Sababu haikuwa kwamba kazi haijamalizika. Ilimalizika. Studio nyingine kubwa ilikuwa imeitangaza filamu yake katika wiki ile ile, filamu yenye nguvu zaidi, na hawa wakaona heri wapishe. Mwanafunzi wake wa Dar alimweleza kwamba wakubwa wale wanazigawana wiki za mwaka, na hizo za sikukuu na za likizo za skuli hushikwa miaka kabla filamu yenyewe haijaandikwa. Alinisimulia jambo hili baadaye akitikisa kichwa. Alisema wanagawana kalenda ya dunia nzima kama mitaa yetu inavyogawana zamu za maji. Na kwa kupishana kwao, katika ofisi ambayo hatutaiona maisha yetu, Idi ilifika Madungu na kwa mara ya kwanza kaka yake hakubisha hodi. Mwalimu aliweka sahani yake mezani. Binti yake ameniambia ilikaa pale mpaka magharibi, kisha wakampelekea jirani.

Nilimuuliza baadaye kwa nini hakumwambia kaka yake peke yake, kwa kumnong'oneza, nani angejua. Akasema yeye angejua. Alikuwa amesema Bismillahi kabla ya kutia saini, na hakuona mahali popote katika Bismillahi palipoandikwa isipokuwa kwa ndugu.

Katika miezi ile ya kungoja alikwenda sokoni Chake Chake kumnunulia mtoto wa jirani vifaa vya skuli, maana mwaka wa masomo ulikuwa unaanza. Kwenye duka la mikoba alisimama ghafla. Ukutani ulikuwa umetundikwa mkoba, kisha mwingine, safu nzima, na juu ya kila mmoja picha ya mwanambuzi mwenye jino la mbele lililovunjika. Hakuwa amewahi kuiona sura yake, wala macho, wala rangi. Aliujua mdomo. Aliishi na mdomo ule miezi sita, alijua unavyofunguka ukiogopa na unavyotetemeka ukidanganya. Filamu ilikuwa haijatoka popote duniani, na mwanambuzi ameshafika Pemba, yuko mgongoni mwa mikoba, yuko juu ya chupa za maji za watoto na ndala za plastiki. Hapo akaelewa jambo ambalo lilimkera tangu mwanzo. Alikuwa amependekeza mwanambuzi apewe jina la Kiswahili, jina zuri lenye kuchekesha, na studio ilikataa bila kueleza. Sasa aliona sababu: jina limeshachapwa chini ya picha, kwa herufi zile zile, katika viwanda vya nchi ya tatu ambavyo wenyewe huenda hawajui ni hadithi ya nini. Mwenye duka alimuuliza kama anamjua huyu mbuzi, maana watoto wanamuulizia. Mwalimu alisema hamjui. Aliniambia ndiyo karibu zaidi aliyopata kufika kwenye uongo, na akakaa njiani akiomba msamaha, kisha akakumbuka kwamba sura yake kweli alikuwa haijui.

Sisi hapa tumezoea kudhani studio kubwa ni kamera kubwa na fedha. Nilidhani hivyo mpaka nilipomjua mwalimu huyu katika kazi yake. Leo nadhani ni kitu cha kutisha zaidi na cha kupendeza zaidi. Ni kwamba kuna watu wanaokaa miaka kabla na kuamua mtoto wa kijiji cha Msuka atalilia mkoba gani mwakani, atacheka wapi na atanyamaza wapi. Huionyesha filamu kwanza kwa watu wa kawaida, wakaangalia nani amepiga mwayo, kisha wakarudi wakavunja na kujenga upya. Wameshika kutengeneza, wameshika kusambaza, na siku hizi wameshika hata ule mlango wa mwisho, yaani kioo cha sebuleni kwako na simu iliyoko mkononi mwako. Na mtu huyo huyo mwenye uwezo wa kusogeza miezi ya watu kama kete za bao, anasimama wiki mbili kwa ajili ya "mm" moja ya Pemba, aulize, asome ukurasa mzima wa mwalimu mstaafu, aamue. Mimi nimefanya kazi katika magazeti miaka mingi. Sijapata kuona mhariri akisimama wiki mbili kwa neno.

Hatimaye tarehe ilifika. Pemba haina jumba la sinema, kwa hiyo mwalimu alingoja wiki kadhaa zaidi mpaka filamu ilipofika kwenye runinga kwa njia ya mtandao. Siku hiyo, baada ya alasiri, alikaribisha watoto wa mtaa, mama zao, na majirani wale wale waliokuwa wakinong'ona. Nilialikwa na mimi. Asubuhi yake aliniomba nimfuate kaka yake Vitongoji. Nilimwambia mzee kwamba leo litasemeka. Aliingia ndani, akatoka amevaa kanzu safi na kofia. Alipofika kwa dada yake alitoa salamu, akajibiwa, akakaa karibu na mlango, kwenye kiti kigumu, kama mtu ambaye hajaamua kukaa.

Mwalimu alisimama mbele ya runinga akatueleza kwa maneno machache kazi aliyokuwa akiifanya, akaomba radhi kwa waliokwazika. Kisha akakaa chini mkekani pamoja na watoto, filamu ikaanza. Mimi sikuitazama filamu. Nilimtazama yeye. Ulipotokea mlima wa kwanza, mweupe, mkubwa, umejaa kioo kizima, alishika mkono wa mtoto aliyekuwa pembeni yake. Miezi yote ile alikuwa anajua mtu amesema nini, hakujua amesimama wapi. Sasa aliona. Aliona msichana ana nywele nyekundu. Aliona ile theluji ya unga ambayo aliitafutia neno kwenye unga wa muhogo. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta, nadhani hakujua kama yanashuka.

Ikafika pale ambapo msichana yuko ng'ambo ya barafu, amegeuka mgongo, na bibi yake amesimama ukingoni. Uso wa bibi ukaja karibu, ukajaza kioo, akasema: "Njoo kwetu, mm?"

Kutoka mlangoni ikasikika sauti nzito, ya chini, "Naam, bibi."

Tuligeuka sote. Kaka yake mwalimu alikuwa ameshikilia magoti yake kwa mikono miwili, anatazama runinga. Sidhani kama alijua amejibu. Mtoto mmoja alicheka, mama yake akamnyamazisha. Mwalimu hakugeuka upesi. Alingoja filamu iendelee kidogo, kisha akageuka, na kaka akamwambia, mbele yetu, kwa utaratibu, "Hivi ndivyo alivyokuwa akituita." Dada akasema ndiyo. Mzee akainuka kwenye kile kiti kigumu, akavua kofia, akaja akakaa mkekani. Ijumaa iliyofuata alikuja kula mapema kuliko kawaida.

Baada ya siku ile vijana wa Chake Chake wanaotengeneza vichekesho kwa simu na kuviweka mtandaoni walisikia habari, wakaja kumwomba awaeleze siri ya wale wakubwa. Nilikuwepo. Walitegemea kusikia habari za mitambo. Aliwaambia hana siri ya mitambo, alichokiona ni kwamba kule hakuna mtu anayeruhusiwa kusema inatosha. Anayechora unyoya, anayetia mlio wa kiatu, anayepanga jina lipi lianze mwisho wa filamu, kila mmoja anakikamata kipande chake kama ndiyo filamu yenyewe, na juu yake kuna mwingine anayekirudisha. Kijana mmoja akasema hayo yanawezekana kwa wenye mali. Mwalimu akamuuliza kichekesho chake cha mwisho alikirudia mara ngapi. Kijana akacheka, akasema mara moja, maana kilitoka vizuri. Mwalimu akawamiminia chai.

Studio ikampa filamu ya pili. Safari hii mambo yalikuwa yamebadilika. Maandishi yalikuja yameshafasiriwa na mashine, na yeye kazi yake ikawa kurekebisha. Nilidhani atakasirika. Aliniambia mashine inajua maneno mengi kuliko yeye, na kwamba siku ya kwanza alikaa akiisoma kwa heshima. Kisha akaanza kuirekebisha, na karibu kila mstari ulibadilika. Alikuwa amefika katikati kisukari kilipomzidi. Alilazwa siku nne.

Binti yake alipowapa habari za msiba wale wa Dar, walilia pamoja naye kwenye simu. Halafu, kwa adabu nyingi, wakamweleza kwamba kuna utaratibu. Aliiwasha kompyuta kama alivyoelekezwa, akakaa mbele yake, na kutoka huko huko ng'ambo filamu ikafutwa mbele ya macho yake. Alisema haikuchukua hata muda wa kumeza mate. Ikabaki picha ya kioo kitupu. Kisha akataja kwamba mama yake ameacha daftari, la karatasi, lenye maneno aliyoyaandika kwa mkono wake, ya filamu zote mbili, yamekatwa na kuandikwa tena na tena. Akauliza kama anaweza kulibakisha. Upande wa pili wakaomba waulize. Siku ya pili jibu likaja: wanasikitika, lakini kwa mkataba maandishi yote ya kazi ni mali ya studio.

Mjomba wake alikuwepo, na mimi nilikuwepo, tumekuja kwa ajili ya hitma ya marehemu. Nilisema nina hakika hakuna mtu atakayevuka bahari kulitafuta daftari la shilingi mia tano. Nilisema kwa sababu nililitaka, sitaficha. Nilitaka kuona zile siku tisa zilivyokwenda. Binti alimtazama mjomba wake. Mzee alilichukua, akalifungua katikati, akasoma mistari michache bila miwani, akiwa amelisogeza mbali. Akalifunga. Akasema, "Mama yako aliahidi. Lipeleke." Binti akalitia ndani ya bahasha, akaandika anwani kwa mwandiko unaofanana na wa mama yake, na likaondoka na meli ya Jumanne.

Nimekuwa nikijiuliza kama ni haki. Sina hakika. Wenye nguvu wameondoka na kitu chetu, na huenda kimo sasa ndani ya kabati ambalo hakuna atakayelifungua. Lakini ninachokijua ni kwamba jumba kubwa namna ile, lenye kuamua dunia itatazama nini, limesimama juu ya watu kama yule mama, wanaoaminika wakiwa peke yao ndani ya chumba kilichofungwa. Tukitaka siku moja na sisi tuwe na filamu zetu za kuwafanya watoto wa nchi nyingine waitike kwa lugha zao, hatutaanza na kamera. Tutaanza na mtu mmoja anayeukalia mdomo mmoja siku tisa, anayetimiza ahadi hata inapomgharimu sahani ya Idi.

Mwenyezi Mungu ailaze roho yake mahali pema. Makala haya nimeyaandika mara nne. Mara ya tatu nilidhani yametosha.